Massey 135 inalala chini ya turubai lakini oili ya giaboksi imekuwa nyeupe. Maji yanapita wapi?

#1 Ngano_Karatu
Wakuu salaam. Trekta ni Massey Ferguson 135, injini Perkins ya silinda tatu, ekzosi ya kusimama. Linalala nje, limefunikwa turubai zito la lori kuanzia grili hadi nyuma ya kiti, limefungwa kamba pande zote. Masika imeisha, nimefungua na kukuta haya:

Oili ya giaboksi na haidroliki kabla ya mvua ilikuwa kwenye alama ya juu ya dipstiki. Sasa imepita alama kwa vidole viwili na rangi yake ni chai ya maziwa. Mikono ya haidroliki inapanda kwa kushtuka. Oili ya injini ni safi. Kikombe cha filta ya dizeli kina maji kidogo chini.

Halijavuka mto wala kuoshwa kwa mashine ya presha. Maji yameingia wapi? Na oili nimwage yote au nisubiri itulie?

#2 Spana17
Umeshaliwasha, maana usingejua haidroliki inashtuka. Basi injini imepona. Kwa watakaosoma baadaye: trekta lenye ekzosi ya kusimama likilala mvuani bila kofia, msiguse stata kabla ya kulizungusha kwa mkono.

Hesabu yake ni hii. Bomba la inchi 2 lina mdomo wa sentimita 20 za mraba hivi. Kila milimita ya mvua inayoshuka wima inaweka mililita 2 ndani. Mvua ya milimita 40 usiku mmoja ni mililita 80. Pistoni ya Perkins hiyo ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 50. Maji hayabanwi, kwa hiyo kinachopinda ni konektingi rodi.

Silinda tatu zina ubaya mwingine. Vali za ekzosi zinapokezana kiasi kwamba injini ikizimika popote, karibu kila mara kuna moja iliyo wazi au inayokaribia kufunguka. Maji yakishavuka manifoldi hayakosi mlango. Hata yasipojaa, vali inashika kutu kwenye gaidi yake, na ringi zinagandana na laina.

Ukiwa na shaka: toa nozeli zote tatu, weka spana kwenye nati ya puli ya mbele, zungusha mizunguko miwili kamili polepole. Kama kuna maji yatatoka kwenye matundu ya nozeli. Mimina kijiko cha oili ya injini kila silinda, zungusha tena, rudisha nozeli na washa mpya za shaba. Washa ya zamani ikirudishwa itavujisha kompresheni.

#3 GiaNne
Mtu ameuliza giaboksi, Spana17 kampeleka kwenye ekzosi 😀

Mkuu Ngano, anza na buti za vijiti vya gia. Vile vijiti viwili, kirefu cha gia na kifupi cha kasi kubwa na ndogo, vinatoka wima juu ya kifuniko cha giaboksi. Kila kimoja kina mpira. Mpira ukipasuka kwenye mkunjo, kila tone linaloteremka kwenye kijiti linaingia ndani. Giaboksi, difu na haidroliki za 135 zinatumia oili moja, lita 30 na ushee, na pampu ya haidroliki imelala humo humo chini. Maji yanazama chini, pampu inayavuta ya kwanza. Ndiyo maana unaona mikono inashtuka kabla ya kusikia gia zikilalamika.

Usiangalie buti kwa macho tu. Ikunje kwa vidole ukiwa umeizungusha pande zote, maana mpasuko unajificha kwenye mikunjo.

Buti mpya dukani ni kitu kidogo, beba ya zamani ulinganishe. Ukiikosa, kata tyubu ya pikipiki urefu wa sentimita 15, ivishe juu ya kijiti, kaza juu kwa klipu ndogo na chini kwa klipu kubwa. Ukingo wa chini ukae NJE ya kola, ufunike kola. Ukiuingiza ndani ya kola umetengeneza faneli.

#4 Kitale_Mahindi
Poleni majirani. Mimi naona mnatafuta tundu bure. Hiyo ni jasho ya chuma. Tarpaulin nzito, ardhi imeloa, mchana jua inapiga, usiku baridi ya huko juu. Unyevu unapanda kutoka kwa udongo, unashikwa chini ya turubai, chuma inatoka jasho nje na ndani. Huku Trans Nzoia trekta hulala wazi kabisa, bora ekzosi na usukani zimefunikwa, na oili inabaki safi. Ile iliyofungwa kama mzigo ndiyo huoza.

#5 Hesabu_Kavu
#4 nusu kweli. Jasho la nje lipo na ndilo linalokula boneti, rimu na katauti ya chaji. Ila la ndani halifikishi vidole viwili kwenye dipstiki.

Hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo. Kwenye nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo. Tofauti ni gramu 8. Juu ya oili ndani ya giaboksi kuna nafasi ya hewa, tuseme lita 20. Hata hewa yote ikibadilishwa kila usiku, utapata sehemu mbili za kumi za gramu. Siku 100 za mvua hazifikishi gramu 20, yaani vijiko viwili vya chakula hata havijai. Mkuu Ngano ameingiza lita. Lita haziletwi na jasho, zinamiminika.

#6 Mama_Alizeti
Wote mko mbele ya kiti. Nendeni nyuma. Pale toplinki, ile fimbo ya juu inayoshika jembe, inapofungwa kuna springi kubwa ya kupima mzigo wa jembe, na imevikwa mpira. Mpira huo unakaa juani mwaka mzima, unapigwa matope na mabua, ndio wa kwanza kuchanika na wa mwisho kukaguliwa. Turubai la #1 linaishia "nyuma ya kiti". Springi ipo nyuma ya hapo.

Ukiwa hapo angalia na o-ringi za shafti ya mikono ya haidroliki, kulia na kushoto. Kama kuna ukanda wa oili yenye vumbi chini ya mkono, sili imechoka. Panapotoka oili wakati wa kazi, maji yanaingia wakati limesimama.

#7 KambiPopote
Naweka kambi hapa. Haya ma-Massey yalikuja na mradi wa karanga Kongwa 1947, mvua zote hizo yamezila na bado yanalima. Mkoloni hakuwa na turubai 😂

#8 Hesabu_Kavu
Mkuu #7, 1947 hakukuwa na kampuni inayoitwa Massey Ferguson. Massey-Harris na Ferguson ziliungana 1953, jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson 1958, na 135 ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1964. Kongwa kulikuwa na mitambo ya minyororo, ikiwemo Shervick iliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman vya vita. Na mradi wenyewe ulifungwa 1951, kwa hiyo hata huo si mfano wa kudumu.

#9 KambiPopote
Nimekaa chini mwalimu.

#10 Ngano_Karatu
Asanteni. Majibu kwa pamoja:

GiaNne: buti ya kijiti kirefu ina ufa wa sentimita mbili upande wa kiti. Ya kifupi ni nzima.
Mama Alizeti: mpira wa springi umekakamaa na umeachana na chuma upande wa juu. Shafti ni kavu.
Spana17: ekzosi ina kopo la maziwa limegeuzwa juu, ndani ya turubai.

Kitu kingine ambacho sikusema mwanzo: turubai lilikuwa limebonyea kati ya usukani na kiti, na maji yalikuwa yamesimama pale.

#11 GiaNne
Kesi imekwisha. Turubai lenye bonde linakusanya maji ya eneo zima. Mita 4 za mraba kwa mvua ya milimita 10 tu ni lita 40, zote zinashuka sehemu moja, na sehemu yenyewe ipo juu ya vijiti vya gia. Turubai la lori halipitishi maji likiwa limetanda na kukaza, lakini likibeba bwawa na chini yake kijiti kinalisukuma, mshono unaanza kudondosha. Lilimwagilia giaboksi yako kwa matone miezi yote.

Ukilazimika kutumia turubai, weka mti wa mgongo: mrunda mmoja mbele kwenye boneti, mwingine nyuma ya kiti, na boriti juu yake, ili turubai liteleze pande zote mbili na lisiguse trekta. Chini acha wazi sentimita 40 hewa ipite.

#12 Mama_Alizeti
Haijaisha. Mpira wa springi umeachana upande wa JUU, ndio upande unaopokea mvua, na haukufunikwa kabisa. GiaNne anapenda vijiti vyake tu.

#13 Pipa_Mbili
Na mimi niongeze mtuhumiwa wa tatu: plagi ya kujazia oili pale juu. Washa yake ikipotea watu wanaikaza hivyo hivyo. Pia dipstiki yenyewe kama haikai vizuri kwenye tundu lake.

#14 FundiDizeli
Swali la pili la mtoa mada halijajibiwa. Kumwaga au kusubiri?

Maji yaliyoingia bila trekta kuwashwa hutulia chini. Yale unaweza kuyatoa kwa kulegeza plagi ya chini polepole, maji yatoke, ukiona oili unafunga. Yakishachanganywa na gia na pampu, hiyo rangi uliyoitaja haitatulia vizuri hata ukisubiri mwezi. Mwaga yote.

1. Liwashe na ulizungushe kidogo oili ipate uvuguvugu. Simamisha mahali tambarare. Shusha mikono ya haidroliki chini kabisa, ili oili iliyo kwenye silinda yake irudi.
2. Fungua plagi ZOTE za chini, ya giaboksi na za upande wa difu. Ukifungua moja tu, lita kadhaa zinabaki upande wa pili.
3. Acha usiku mzima.
4. Fungua kifuniko cha pembeni, kile chenye dipstiki. Ingiza taa. Angalia kutu kwenye pampu na tope chini. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, usitumie pamba. Osha chujio la waya la pampu kwa dizeli.
5. Gasketi mpya, funga, weka oili ya bei nafuu hadi alama ya chini. Washa dakika 15, pandisha na kushusha mikono mara 20 hivi, pitisha gia zote.
6. Mwaga ikiwa ya moto. Weka oili yenyewe.

Baada ya saa 10 za kazi chukua tone, lidondoshe kwenye kijiko kilichopashwa moto. Likilia na kuruka, bado kuna maji.

#15 Pipa_Mbili
Hatua ya 5 ni gharama. Changanya nusu dizeli nusu oili chakavu, inasafisha zaidi.

#16 FundiDizeli
Oili chakavu ya injini imebeba masizi na chembe za chuma, unaziingiza kwenye pampu yenye pistoni na valvu zilizosuguliwa kwa kipimo. Dizeli nusu kwa nusu inafanya oili iwe nyepesi mno na pampu inazunguka karibu kavu. Ukitaka kubana matumizi, lita 3 za dizeli kwenye oili mpya 20, dakika 5, bila kubeba mzigo. Si zaidi.

#17 Kitale_Mahindi
Na oili gani mnaweka? Huku wengi wanaweka SAE 90 ya gear.

#18 FundiDizeli
90 ni nzito kwa haidroliki hasa asubuhi ya baridi, pampu inavuta kwa shida na inalia. Tafuta oili ya matrekta inayotumika giaboksi na haidroliki kwa pamoja, mkebe utaandika 10W-30 au 80W. Nyingine zina uwezo wa kubeba unyevu kidogo bila kuharibika, lakini si lita tatu.

#19 Spana17
Wapo wanaoapa kwa 90 na mashine zao zinafanya kazi, tusidanganyane. Ila kwa trekta ambalo limeshakula maji, nyepesi inakuonyesha tatizo mapema. Nzito inalificha.

#20 Pipa_Mbili
Turudi kwenye maji ya filta ya dizeli. Hayo hayatoki kwenye giaboksi wala turubai. Mkuu Ngano, pipa lako la dizeli linasimama au limelala?

#21 Ngano_Karatu
Limesimama nje, kizibo juu, kimekazwa vizuri.

#22 Pipa_Mbili
Ndiyo hilo. Mvua inasimama juu ya pipa kwa sababu kingo zake zimeinuka. Mchana dizeli inapanuka na kusukuma hewa nje kupitia uzi wa kizibo. Usiku inapoa, pipa linanyonya, na kilicho juu ya kizibo ni maji. Hata kikazwe vipi. Lilaze, vizibo viwili viwe kwenye mstari wa mlalo, kulia na kushoto, ili vyote viwe chini ya usawa wa dizeli. Au lisimamishe chini ya paa. Mdomo wa mpira wa kuvutia usifike chini kabisa, acha sentimita 8.

Kwenye trekta lenyewe kagua gasketi ya kofia ya tangi. Tangi la 135 lipo chini ya boneti, maji ya boneti yanateremka hadi kwenye mdomo wake kama kile kifuniko kidogo cha juu hakifungi.

#23 FundiDizeli
Umemaliza. Uzito wa jambo upo hapa: pampu ya CAV ya mzunguko, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli, inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Maji kidogo yakilala mle wiki mbili, valvu ya kupimia inashika kutu. Dalili ni injini inayopanda na kushuka yenyewe, au inayogoma kuzimika.

Mwaga kikombe cha filta, badilisha elementi, ile ya 296 inapatikana kila mahali, na pete zote za mpira zinazokuja nayo. Kisha toa hewa kwa mpangilio: legeza bolti ya juu ya filta, pampu kwa kile kimkono cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyo kwa skrubu ya ubavuni mwa CAV, halafu ile ya juu kwenye gavana, sehemu ya pampu inayodhibiti kasi ya injini. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, piga stata, zikitema kaza moja moja. Kimkono kikiwa laini bila kusukuma kitu, kemshafti ya injini imesimama vibaya, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena.

#24 Mvua_Vuli
Salaam. Si rahisi zaidi kuliwasha kila wiki dakika tano, unyevu wote unakauka? Ndivyo tunavyoambiwa.

#25 Hesabu_Kavu
Dakika tano ni kuongeza maji. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji kwa mvuke. Sehemu yake inapita ringi na kuingia kwenye oili ya injini, na mengine yanageuka matone ndani ya sailensa baridi. Injini isipofika nyuzi 80 na kukaa hapo, hayo maji hayatoki. Ama ulipeleke shambani nusu saa na mzigo, ama uliache.

#26 Spana17
Kwa hili sikubaliani kabisa na Hesabu. Kuna mambo mawili ambayo kuliwasha kunazuia: pampu ya CAV kukwama na klachi kugandana. Injini ikilala miezi mitatu ya mvua, sahani ya klachi inashika kutu kwenye flaiwili. Ukija kukanyaga pedali, gia zinasaga. Afadhali oili ya injini yenye matone kuliko kupasua trekta katikati kwa ajili ya klachi.

#27 Hesabu_Kavu
Klachi haihitaji kuwashwa. Kanyaga pedali hadi chini, maana ya 135 nyingi ina hatua mbili, ya pili ni ya PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine), kisha ishikilie kwa kipande cha mbao kati ya pedali na chasisi. Sahani zinakaa zimeachana.

#28 GiaNne
Na springi za klachi unazibana miezi mitatu? 🤔

#29 Hesabu_Kavu
Springi nzuri haichoki kwa kubanwa ndani ya kipimo chake, inachoka kwa kufanya kazi mara nyingi.

#30 GiaNne
Springi nzuri. Ya mwaka 1970 je?

#31 Mama_Alizeti
Wakati mnabishana, kuna kijitundu chini ya nyumba ya klachi chenye pini ya chuma inayocheza. Kazi yake ni kutoa maji na oili. Watu wanaona kinadondosha, wanakiziba kwa kijiti au silikoni, halafu wanalalamika klachi imeshika. Kitikise kila ukipaka grisi.

Na breki. Usiegeshe na breki ya mkono imefungwa msimu wa mvua. Viatu vya breki vinagandana na drami, asubuhi gurudumu linaburuzwa. Weka gogo mbele na nyuma ya tairi, breki iwe huru.

#32 Mvua_Vuli
Klachi ikishaganda tayari?

#33 Spana17
Pasha injini vizuri dakika 20, joto lifike kwenye flaiwili. Zima. Weka gia kubwa, uwanja wazi mbele yako mita 50, hakuna mtu wala ukuta. Pedali chini, piga stata, trekta litaondoka nalo. Shika pedali chini, kanyaga breki kwa vipindi huku ukiongeza na kupunguza moto. Mara nyingi linaachia. Kumbuka 135 haitapiga stata mpaka kijiti kifupi kiwe nyutro, kwa hiyo wengine wanaruka swichi ya usalama kwa waya. Sishauri. Badala ya kupiga stata, livute na trekta jingine likiwa tayari kwenye gia.

#34 Bandari_Tanga
Huku pwani tatizo si maji peke yake, ni chumvi. Turubai kwetu ni adui kabisa, chini yake kunakuwa na joto na unyevu mchana na usiku. Kinachokufa kwanza ni umeme. Kwa 135 zenye dainamo, katauti ina pointi zilizo wazi chini ya kifuniko chake. Zikishika ukungu wa kijani, chaji inakwisha na taa ya nyekundu haizimiki. Safisha kwa kipande cha karatasi ngumu, si msasa. Toa waya hasi wa betri, paka grisi kwenye vichwa.

Usukani pia. Kofia ya katikati ikipotea, maji yanafuata shafti hadi boksi ya stelingi. Unajua imeingia ukiona usukani mzito asubuhi na oili ya boksi imepanda. Kopo la plastiki juu ya usukani linatosha kuzuia, lakini kofia yenyewe ndiyo dawa.

#35 Kitale_Mahindi
Sasa tuseme ukweli, dawa ni shed. Nguzo sita, mabati, basi.

#36 Mama_Alizeti
Banda ndiyo, ila banda baya linaweza kuwa turubai la bati. Trekta hili lina urefu wa mita 3 hivi na upana hauzidi 2. Jenga mita 5 kwa 3.5, urefu wa mbele mita 2.8 ili ekzosi na mtu aliyekaa wapite, nyuma 2.3. Paa lichomoze sentimita 80 upande mvua inakotokea, na upande huo uzibe kwa bati hadi chini ukiacha sentimita 30. Pande nyingine acha wazi.

Sakafu ndiyo watu wanaisahau. Udongo mtupu unapumua unyevu. Inua sentimita 15, tandika karatasi ya nailoni nzito, kokoto juu yake. Zege kama una uwezo. Chimba mfereji nje ya mstari wa matone ya paa, si ndani.

#37 Bandari_Tanga
Nyongeza: usihifadhi mbolea wala chumvi ya mifugo banda hilo hilo. Mbolea ya CAN ikichanganyika na unyevu inakula chuma haraka.

#38 Mvua_Vuli
Na kupaka oili chafu mwili mzima? Wazee wengi wanafanya.

#39 Spana17
Kwenye jembe na haro sawa, kabla ya kuhifadhi. Kwenye trekta oili inavimbisha mipira: buti, hata tairi. Na ile tyubu ya pikipiki ya GiaNne ndiyo haipatani na oili kabisa, ibadilishe kila msimu.

Kwenye mashavu ya magurudumu, ng'oa matope kwenye mshono wa ndani, hapo ndipo kutu inaanzia. Piga waya wa chuma, redoksaidi mikono miwili, rangi. Sehemu ndogo kama grili na mabano, loweka kwenye molasi sehemu moja kwa maji sehemu kumi, wiki mbili, suuza, kausha na paka siku hiyo hiyo. Usiloweke aluminiamu humo.

#40 Pipa_Mbili
Kofia ya ekzosi hatujamalizana nayo. Kopo la maziwa ni zuri hadi siku utakaposahau kulitoa. Fundi wa kuchomea anatengeneza kile kifuniko chenye bawaba na kizito cha nyuma, kinajifunga chenyewe injini ikizima. Bawaba ielekee mbele, yaani kifuniko kifunguke kuelekea nyuma.

#41 Kitale_Mahindi
Hapana, bawaba nyuma. Ikifunguka mbele moshi hauji usoni mwa dereva.

#42 Pipa_Mbili
Ukiisafirisha kwenye lori bawaba ikiwa nyuma, upepo unaiinua na mvua ya njiani inaingia kwa kasi. Moshi unaenda juu bila kujali.

#43 GiaNne
Bawaba iwe pembeni mwachane 😂 Muhimu zaidi: toboa tundu la milimita 4 chini ya kona ya mwisho kabla ya manifoldi. Kitakachopita kofia kitatoka hapo.

#44 FundiDizeli
Na cheche zitatoka hapo pia. Kwa anayevuna ngano kavu tundu hilo lisielekee chini kwenye mabua. Mimi ningeliacha, ningekagua kofia.

#45 Ngano_Karatu
Ripoti. Nimefungua plagi zote, nimeacha usiku kucha. Kabla ya oili yametoka maji ya wazi lita tatu na nusu, ya maziwa sikupima. Pampu ina kutu nyepesi kwenye bolti tu. Buti zote mbili na mpira wa springi ni vipya, pipa limelazwa. Ila nilipofuta giaboksi nimekuta mchanga mwekundu laini chini, kiganja kizima. Mvua ya turubai haiji na mchanga.

#46 Mama_Alizeti
Springi. Matope ya tairi yanarushwa pale.

#47 GiaNne
Au vumbi la miaka kumi lililokaa kwenye bakuli la vijiti likasombwa.

#48 Spana17
Sili za ekseli hujazitazama. Fungua drami moja. Kama lainingi zina oili, uchafu wa breki unatembea pande zote mbili.

#49 Mvua_Vuli
Wakuu, ya kwangu ni 165, kofia ya ekzosi naagiza saizi gani?

#50 Pipa_Mbili
Usiulize modeli, sailensa zimebadilishwa sana. Zungusha uzi nje ya bomba, pima, gawa kwa 3.14. Hicho ndicho kipenyo cha nje. Ongeza milimita 2 za kola kuingia.

#51 GiaNne
Mkuu Ngano, kabla hujafungua drami, weka unga wa chaki kuzunguka buti zote na juu ya springi, mimina ndoo moja ya maji kila sehemu kwa zamu, uangalie unga umelowa wapi kwa ndani ya ukingo.